Mdogo Wangu na Posti ya Saa Mbili

Mdogo wangu hatulii. Tangu akiwa mtoto tunamwita Sisimizi, na jina limemganda hata wateja wake wanalitumia. Kazi yake, mkimuuliza yeye, atawaambia anatengeneza maudhui ya mitandao. Mimi nikiulizwa nasema hivi: anawasemea watu wasiojua wanataka kusema nini. Mtu ana duka la gesi, ana simu nzuri kuliko yangu, lakini hana muda wala maneno, basi anamlipa Sisimizi awe mdomo wake. Anapiga picha, anaandika, anaweka kwenye ukurasa, halafu anamjibu kila anayeuliza bei, na anajibu utadhani ndiye mwenye duka.

Tunaishi vyumba viwili, mimi na yeye. Cherehani yangu iko dirishani, meza yake iko nyuma ya mgongo wangu, kwa hiyo maisha yake yote nayasikia bila kugeuka. Nasikia kidole kinagonga kioo cha simu, ta ta ta. Nasikia kiti kinasukumwa, anasimama, anaizunguka meza, anakaa, anasimama tena. Chai inapoa mpaka inafanya utando juu. Nikimwambia, "Wewe, kunywa chai," ananijibu, "Dakika moja, dada." Dakika hiyo moja naingoja mwaka wa tatu sasa.

Na hao wateja! Jamani, msinikumbushe. Mwenye gesi anataka video itrendi. Itrendi nini, mtungi? Anataka iwe kama ya yule jamaa anayecheza, lakini yeye mwenyewe hataki kucheza, hataki sura yake ionekane, hataki hata sauti yake isikike. Daktari wa meno ndiyo balaa kabisa. Huyo kila posti lazima shahada zake zote tatu ziwemo, kwa mpangilio wa miaka, hata kama posti yenyewe ni ya kuwatakia watu Jumatatu njema. Na maneno hayapiti mpaka yaonwe na mkewe, na shemeji yake, na binamu mmoja ambaye eti anaelewa mambo ya kompyuta. Binamu huyo simjui, ila siku nikikutana naye tutaelewana. Neno moja linabadilishwa mara sita, mara ya saba linarudi lilivyokuwa. Lakini utafanyaje? Daktari ndiye mteja mkubwa, kodi yetu inatoka kwake.

Ndiyo maana Sisimizi alimpenda Fundi. Fundi ni seremala, mtu mzima aliyekula chumvi nyingi, mwenye karakana nyuma ya soko na mafundi sita chini yake. Kazi ya mikono yake huna la kusema. Droo yake unaisukuma kwa kidole kimoja inaingia yenyewe. Na kwenye mambo ya posti hakuwa na usumbufu hata chembe. Sisimizi anamtumia picha ya posti ilivyo, Fundi anarudisha kile kidole gumba cha njano, dakika haijaisha. Siku nyingine anaongeza ujumbe wa sauti: "Hapo umenena, mwanangu. Weka." Basi. Hana kusahihisha, hana binamu.

Na hapa niwaeleze kitu kimoja kuhusu kazi hii, kwa sababu bila hicho hamtaelewa yaliyofuata. Hakuna posti inayotoka kabla mteja hajakubali, na mteja akishakubali hakuna kugusa hata nukta. Kuna mambo mengi wenzake Sisimizi wanasameheana. Kuchelewa wanasameheana, kukosea wanasameheana. Kubadilisha maneno ya mteja baada ya kukubali, hilo hapana. Ukijulikana una tabia hiyo, hakuna atakayekukabidhi ukurasa wake tena.

Sasa, siku moja alikuwa amechoka, akaweka picha ya kabati la milango mitatu, chini yake akaandika, "Kitanda imara, futi sita kwa sita." Akamtumia Fundi. Kidole gumba. Posti ikatoka, na watu wakashinda wanacheka. Mmoja akauliza kama kwa Fundi watu wanalala wamesimama. Sisimizi akampigia kuomba radhi, halafu akamuuliza, "Lakini Fundi, kwani hukuona?" Fundi akacheka kidogo. "Haraka tu, mwanangu. Nilikuwa na haraka."

Tangu siku hiyo mdogo wangu akakosa amani. Mtu mwingine angeshukuru Mungu kupata mteja asiyesumbua. Yeye ikamkaa rohoni. "Hasomi, dada," ananiambia huku anazunguka meza. "Nakaa hapa najikamua, natafuta neno, nafuta, naandika tena, na yeye hasomi! Ananidharau." Machozi yanamlengalenga. Nami nilikuwa na nguo ya bibi harusi mapajani, nimeshachoka na ule mzunguko wake, mdomo wangu huu ukasema, "Si umjaribu? Mwandikie upuuzi uone."

Ndiyo, ni mimi. Sijifichi.

Akaandika palepale, ndani ya ile programu yake ya kupangia posti, ile inayotoa posti yenyewe saa ikifika hata kama umelala. Akaniita nisome: "Karibu kwa Fundi. Viti vyetu vinavunjika ukivitazama tu. Meza zetu zinacheza bila muziki. Mwenye akili zake asije." Nilicheka mpaka nikajichoma sindano. Akapiga picha ya skrini, akamtumia Fundi, tukaketi kungoja.

Kidole gumba. Halafu sauti: "Hapo umenena, mwanangu. Weka."

Kicheko kikatuishia. Sisimizi aliitazama simu, akanitazama mimi, akasema, "Umeona?" Alitaka ampigie palepale amwambie la moyoni, na angemwambia, namjua. Lakini simu ikaita kabla hajabonyeza, daktari wa meno, shahada moja imekatwa pembeni kwenye picha mpya na anataka irekebishwe sasa hivi, si baadaye, sasa hivi. Sisimizi akaruka huko. Siku nzima ikaishia kwenye shahada. Ule upuuzi wetu akausahau ndani ya programu, kwenye nafasi ya Fundi ya kesho yake, saa mbili kamili asubuhi.

Saa mbili na robo alikuwa anapiga mswaki. Simu ilianza kuita, ikakata, ikaita, ikakata. Alitoka bafuni na povu mdomoni, akaishika, akatoa macho. Akaifuta posti hapohapo, lakini wapi! Watu walikuwa wameshaipiga picha, wanarushiana kwenye makundi. "Dada," akasema, na povu likamtiririka kidevuni, "ni leo."

Sikuuliza leo nini, nilijua. Fundi alikuwa amepata kazi ya madawati mia mbili ya shule ya msingi. Kazi kubwa kama hiyo hajawahi kuipata maishani mwake. Alikuwa ameshanunua mbao zote, zimejaa karakana mpaka mlangoni, na leo saa nne mwalimu mkuu alikuwa anakuja na kamati kulikagua dawati la mfano na kusaini. Na mwalimu mkuu alikuwa ameshaiona posti. Yeye ndiye aliyekuwa anapiga simu, maana namba ya kwenye ukurasa ni ya Sisimizi.

Niliacha cherehani, nikavaa viatu, nikaenda naye. Njia nzima nilikuwa namlisha maneno. "Wewe mzembe, sawa. Lakini yeye alikubali. Kidole si kipo? Sauti si ipo? Usikubali kubebeshwa mzigo peke yako, waonyeshe." Yeye anatembea mbele yangu mbio mbio, anageuka, ananingoja, anaondoka tena. Nilimrudishia hayo hayo mara tatu, nne. Damu ilikuwa inanichemka, maana nilishaona jinsi mambo haya yanavyoisha. Mwenye makosa huwa ni yule mdogo kuliko wote.

Karakana ilikuwa kimya. Dawati la mfano lilikuwa katikati, limepigwa msasa na vanishi linang'aa, na pembeni yake alisimama mwalimu mkuu, mwanamke mrefu mwenye suti ya kijivu, na wajumbe wawili wa kamati. Fundi alikuwa upande wa pili na koti lake la kazi. Mkewe alisimama kando ya rundo la mbao. Wale mafundi sita walijifanya wanaendelea na kazi, ila hakuna msumeno uliosikika.

"Nani aliandika huu upuuzi?" mwalimu mkuu akauliza.

"Ni mimi, mwalimu," Sisimizi akasema.

"Na nani alikuruhusu?"

Akamtazama Fundi. Nikampiga kiwiko cha mbavu. Mungu anisamehe, nilimpiga kwa nguvu. Akainua simu.

"Mwalimu, hakuna kinachotoka bila mzee kukubali. Ilikuwa utani wetu, haikupaswa kutoka, hilo ni kosa langu. Lakini nilimtumia, na alikubali." Akaonyesha kile kidole. Akabonyeza sauti, na sauti ya Fundi ikajaa karakana nzima, ya uchangamfu kabisa: "Hapo umenena, mwanangu. Weka."

Mmoja wa wale mafundi aliguna kicheko, akajifanya anakohoa. Mwalimu mkuu aliichukua simu, akampa Fundi mkononi. "Sauti yako umeisikia, Fundi. Basi hebu tusomee hapa, kwa sauti, halafu utuambie ni wapi palipokupendeza."

Fundi akaipokea simu. Akapapasa mfuko wa koti, akatoa miwani, akaipuliza vumbi la mbao, akaifuta, akaivaa. Akatazama. Akaisogeza simu mbali, akairudisha karibu. Midomo ilifunguka, ikafungika. "Herufi zenyewe ndogo," akasema.

Mwalimu mkuu akanyoosha vidole viwili, akazikuza herufi mpaka zikajaa kioo. "Sasa?"

Jasho lilimtoka Fundi kwenye paji la uso na hakulifuta. Mkewe alikuwa ameangalia sakafu, amekunja upindo wa nguo yake ngumini.

Hapo nikaelewa. Dharau gani? Haraka gani? Mzee wa watu hajui kusoma. Mwaka mzima mdogo wangu anamtumia maneno, naye anayatazama tu, na kwa kuwa anamwamini anarudisha kidole. Mafundi wake sita hawajui. Wateja wake hawajui. Aliyejua ni yule mama aliyesimama kando ya mbao, peke yake. Na sisi wawili tulimwandikia upuuzi tukacheka.

Sisimizi alikuwa ameshamfikia. Alimpokonya simu kwa nguvu mpaka miwani ikamponyoka mzee puani.

"Basi, mwalimu. Basi. Nimedanganya. Haya siyo aliyokubali. Nilimtumia maneno mengine, mazuri, akayakubali. Nikabadilisha baadaye, kwa utani wangu mwenyewe. Hiyo picha ya skrini nimeichezea asubuhi hii ili nisionekane nina makosa. Mzee hana hatia. Anashindwa kusoma kwa sababu anashangaa, hajawahi kuyaona."

Aliyasema yote kwa pumzi moja.

Mwalimu mkuu alimpima kwa macho toka juu mpaka chini, kisha akageuka. "Fundi, ni kweli?"

Fundi aliinama akaokota miwani. Alikawia huko chini. Aliposimama alimtazama mdogo wangu, na sijui mtu anaombaje kwa macho peke yake, ila yeye aliomba. "Ndiyo," akasema. "Ni kweli." Halafu akaongeza, "Nenda, mwanangu. Usirudi hapa."

Mwalimu mkuu alisaini juu ya lile dawati la mfano. Lakini kwanza alitaka jambo moja, naye alilipata: Sisimizi aandike kwenye ukurasa wa Fundi, kwa jina lake kamili, kwamba alibadilisha maneno ya mteja bila ruhusa yake. Akaandika amesimama palepale, wote tunamwangalia, anafuta, anaandika tena. Aliyeisoma na kuikubali ni mwalimu mkuu.

Tulipofika barabarani nililipuka. "Narudi! Narudi nikawaambie wote, mzee mzima anakaa kimya anakuacha unateketea!"

"Ukimwambia mtu hata mmoja, dada, mimi na wewe basi."

"Na kazi yako je?"

"Kazi nitapata nyingine. Yeye aende wapi akapate uso mwingine wa kusimama mbele ya mafundi wake?" Alikuwa analia huku anatembea, wala hapunguzi mwendo. "Nilimpa simu asome, dada. Mbele ya watu. Nilimvua nguo."

Basi nikafunga mdomo, na si kitu rahisi kwangu.

Mwenye gesi hakusubiri hata jioni. Alituma: "Tupumzike kidogo kwanza." Daktari wa meno alichukua siku mbili, nadhani meseji yake ilipita kwa mke, shemeji na binamu, halafu ikaja ndefu, imeandikwa vizuri: hawezi kufanya kazi na mtu anayebadilisha maneno ya watu. Yeye! Nilisonya mpaka jirani akagonga ukuta.

Wiki hizo tatu sijui nizielezeje. Hana kazi, lakini hakai. Anafuta lenzi ya simu ambayo haina vumbi. Anapanga upya picha za zamani. Anapiga video ya birika likichemka, anaitazama, anaifuta. Aliomba kwa mwenye duka la rangi, kwa mwenye chuo cha udereva, kwa mwenye mgahawa, na kila mmoja alitafuta jina lake mtandaoni akaikuta ile posti. Nilishona usiku na mchana ili kodi itoke. Na Fundi nilimchukia, nasema ukweli. Nilipita karakana siku moja nikaona lori linapakia madawati, nusu ya kwanza, nusu iliyobaki imepangwa ndani inangoja kamati ije kukagua tena. Fundi aliniona. Akainua mkono nusu, akaushusha. Nikapita zangu bila salamu, na sijawahi kumnyima mtu mzima salamu katika maisha yangu.

Jumanne ya wiki ya nne simu ikaita asubuhi. Daktari wa meno. Sisimizi akaogopa kuipokea, nikaipokea mimi, nikaweka sauti ya wazi, nikaiweka mezani.

"Sisimizi yupo?" daktari akasema. Sauti yake haikuwa ile ya siku zote. "Sikiliza. Kuna mzee amekuja kliniki leo. Amengoja kwenye benchi mpaka zamu yake, karani wa mapokezi akampa fomu ajaze. Unajua ukuta wangu ulivyo mwembamba, nasikia kila kitu. Basi nikamsikia anasema, wala hakunong'ona, 'Nijazie wewe, mwanangu. Mimi sijui kusoma wala kuandika.' Karani akamuuliza jino lipi linamuuma. Akasema hakuna. Akasema amekuja kuniona mimi, kwa habari ya yule binti aliyekuwa akiniandikia."

Sisimizi alikuwa amesimama mlangoni.

"Nikatoka," daktari akaendelea. "Nikamwambia mzee, ingia ndani tuongee. Akakataa. Akasema la kukuharibia lilisemwa mbele za watu, na hili litasemwa mbele za watu. Akasema hukubadilisha kitu. Yeye ndiye aliyekubali asichokijua, na wewe ukamfichia. Halafu akaaga."

Nilisikia mashine ya kliniki inanguruma upande wa pili.

"Benchi lilikuwa na watu wangapi?" Sisimizi akauliza.

"Lilijaa. Kumi hivi." Daktari akaongeza. "Na mjumbe mmoja wa kamati ya ile shule. Namtibu ufizi."

"Hakumwona," Sisimizi akasema haraka. "Mzee haoni vizuri, daktari. Hakumwona, sivyo?"

"Alikaa naye robo saa nzima," daktari akasema. "Walikuwa wanaongea habari za madawati."